Mbuzi ya Kufunga Maneno

Kuna neno moja nikilisikia kichwa kinaniuma palepale, hata kama nimeamka vizuri na chai nimekunywa: "Ile maneno tulisha kuimaliza kinyumbani." Wanalisema kwa utulivu, mikono imekunjwa kifuani, utafikiri wameziba paa lililokuwa likivuja. Mimi nauza vikwembe, vitenge vya wanawake kujifunga, katika soko la Kasongo. Si hakimu, si polisi. Lakini miaka mingi sasa, asubuhi za zamu yangu, meza naiachia jirani na naenda kukaa katika nyumba ya kusikiliza, chumba kimoja chenye benchi na pazia, ambako wanawake na wasichana waliotendewa ubaya wanakuja kusema. Tunawasikiliza, tunawapeleka kwa muuguzi, tunawaeleza sheria.

Sheria iko. Asiniambie mtu kwamba haiko. Iliandikwa Kinshasa na watu waliosoma, na sisi tumefundishwa kwa semina mpaka tumeikariri kama sala. Mtu akimlazimisha mwanamke au msichana, serikali ndiyo inamshitaki, na mapatano ya familia hayafuti kitu. Msichana ambaye hajatimiza miaka kumi na minane haolewi, hata baba akubali, hata mama apige vigelegele. Nimeyasema hayo kanisani, nimeyasema kwa wanawake wa msikitini, nimeyasema hata matangani watu wakiwa na pilau mdomoni. Vijana wa pikipiki wakiniona wanacheka: "Jamani, sheria inapita, ficheni mbuzi!"

Mbuzi nitamweleza sasa hivi, maana bila yeye hakuna hadithi.

Kwetu sisi, upande wa Wamaza, ndani ya Kabambare, familia mbili zikikosana sana, ile yenye kosa inaleta mbuzi. Anachinjwa siku hiyohiyo, anapikwa katika chungu kimoja, na wote walioguswa na jambo lile wanakula pamoja, mpaka mchuzi. Wakimaliza, maneno yamekulwa. Atakayeyafufua baada ya hapo ameyatapika, na kutapika mbele ya watu ni aibu, halafu ni mkosi. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba mimi sina neno na mbuzi huyo. Amezuia mapanga mara nyingi kuliko polisi. Ila watu wetu hawajui kuacha kitu mahali pake. Wanamleta mbuzi yuleyule hata kwa mambo ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyameza.

Siku moja nikiwa kwenye meza yangu, dereva wa pikipiki anayefanya njia ya Wamaza akasimama, akazima injini, akaniambia kwa furaha kabisa: "Mama, kule kwenu sherehe inaiva, na weye uko unapima vikwembe hapa?"

"Sherehe gani?"

"Binti ya ndugu yako anaolewa. Mbuzi ilisha kukulwa."

Niliacha kupima. Ndugu yangu ni mdogo wangu wa tumbo moja, na binti yake mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitano, mwanafunzi. Na tangu lini ndoa inaanza na mbuzi wa ugomvi? Nikamuuliza yule dereva, naye akaangalia chini, ndipo akanieleza. Bwana mmoja mnunuzi wa mafuta ya mawese, mtu mzima mwenye ndevu zake, alimkamata mtoto kwa nguvu njiani akitoka shambani. Wazee wakakaa. Bwana akakiri mbele yao, akaleta mbuzi, na ili aibu ifunikwe vizuri akasema atamchukua mtoto awe bibi yake. Ndugu yangu akaitikia.

"Washa pikipiki," nilimwambia.

"Sasa hivi? Mama, nilitaka kula kwanza."

"Utakula nikifa. Washa!"

Ile njia sitaisimulia. Mwenye kuijua anaijua, na asiyeijua amshukuru Mungu. Nilifika mavumbi yako hadi ndani ya masikio. Wazee walikuwa bado wamekaa uani kwa ndugu yangu na meno yao wanayachokonoa. Waliponiona walifurahi. Walikuwa wananingoja, maana mimi ndimi shangazi, na binti haendi kwa mume bila shangazi kusema neno. Walikuwa hata wameniwekea paja zima la mbuzi, limefungwa katika majani ya mgomba, ili na mimi nile na kinywa changu kifungwe kama vya wengine.

"Karibu, dada yetu," mzee mmoja akasema. "Kula kwanza. Halafu tutaongea."

Nikalipokea lile furushi kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi nilivyolelewa. Nikalifungua. Nikamwita mbwa wa ndugu yangu, nikamwekea chini.

Yesu wangu! Ungesikia makelele. "Mbwa? Mbwa anakula mbuzi ya maneno?" Nikawaambia, basi, kinywa cha mbwa kimefungwa, hatalipeleka jambo hili mbele, changu kiko wazi. Ndugu yangu alisimama, uso umevimba kwa hasira, ila bado aliniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, unanipatisha haya mbele ya watu."

"Haya? Weye unaijua haya? Mutoto wako ameumizwa, na unamupa kwa yule aliyemuumiza, na nyama unakula juu!"

"Sasa nifanye nini? Nani atamuoa kisha ya hapa? Maji ikimwagika haizoleki."

"Aliyekuambia anatafuta mume ni nani? Anatafuta shule!"

Nikaanza kuwapa sheria. Niliwapa yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama katika semina. Walisikiliza vizuri, sijui kama kuna kitu kinachokasirisha kuliko mtu anayekusikiliza vizuri huku hasikii. Walitikisa kichwa. Walisema ni kweli, serikali ina akili. Kisha mzee akasema, "Lakini ile ni sheria ya serikali, na sisi tuko hapa," akaniomba niache haraka, haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Akacheka! Alidhani tunatupiana methali.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Mulamu wangu, bibi ya ndugu yangu, alikuwa anasugua kile chungu, na anasugua tu, nacho kilikuwa kimetakata tangu zamani. Hakuniangalia. Nikamuuliza kama mtoto alifikishwa kwa muuguzi. Akasema walikwenda kituo cha afya siku ya pili, wakaambiwa dawa za jambo kama hilo ziliisha na nyingine hazijafika. Dawa hizo, ili zisaidie vizuri, zinatakiwa ndani ya siku tatu, na siku hizo zilikuwa zimepita. Hilo limeandikwa kwenye bango kubwa lenye picha ya mama anayetabasamu, na bango lenyewe nililiona njiani nikija, limebandikwa palepale kituoni, jipya, linang'aa. Bango lilifika. Dawa haikufika. Nani anapanga hivi, jamani? Ni nani anayeketi mahali fulani na kusema, tutume karatasi kwanza?

"Na weye, mama yake, unataka nini?" nilimuuliza.

"Mimi hawakuniuliza," alisema, akaendelea kusugua.

Mtoto alikuwa ndani, amelala amegeukia ukuta. Nilikaa naye. Sikumuuliza kitu, kazi yetu imenifundisha hivyo. Baada ya muda alisema bila kugeuka: "Shangazi, musinipeleke kwa ule mutu. Mi nataka nibakie kwa mama."

Basi. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Asipelekwe kwa yule mtu, na abaki kwa mama yake. Mambo mawili madogo kabisa kwa mtoto kuyataka, na kila mtu mkubwa katika ua ule alikuwa ameyala na ugali.

Nilirudi kwa wazee, na sasa nilikuwa nimepoa, maana nilikuwa nimewaza. Nikasema: "Sawa. Nyinyi ni wakubwa. Lakini binti ya watu anakwenda kwa mume bila kufundwa? Tangu lini? Nipeni mutoto, nimupeleke kwangu Kasongo, nimufundishe vile inatakiwa."

Loo, walifurahi! Kumfunda bibi-arusi ni kazi ya shangazi, hata mkaidi kama mimi hanyang'anywi. Mzee wa methali alinibariki. Ndugu yangu alishusha pumzi, akadhani dada yake amerudiwa na akili. Sikumdanganya mtu. Nilisema nitamfundisha, sikusema nitamfundisha nini.

Mume wangu ni mtu wa mjini, Mwislamu wa familia ya zamani, mpole kupita kiasi, duka lake ni chumvi na sabuni. Alituona tunashuka kwenye pikipiki tumepakwa mavumbi.

"Umeiba bibi-arusi?" aliniuliza.

"Nimeiba."

"Basi ingieni, nifunge mlango."

Hospitalini mama muuguzi alimpokea vizuri, siwezi kusema uongo. Alimpima, akampa dawa ambazo bado zilikuwa na faida hata baada ya siku tatu, akaandika cheti bila kudai kitu, akamwambia arudi tena kwa vipimo vingine. Huyo mama angekuwa mmoja katika kila kituo, mimi ningeuza vikwembe vyangu kwa amani. Shida ilianzia nilipotafuta wa kumkamata mtu.

Katika ofisi ya kwanza walisema jambo limetokea Kabambare, niende Kabambare. Nikampigia simu mtu wa kule, akasema aliyeumizwa yuko Kasongo, nishitaki Kasongo. Nikarudi. Wakasema sawa, tutaandika, lakini nani atakwenda kumchukua kule Wamaza, na pikipiki ya ofisi haina mafuta? Nikawaambia sheria inasema huduma hizi ni bure. Polisi mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, akaniambia, "Mama, sheria ni bure. Pikipiki haijui." Halafu akaongeza, mkono mtupu haulambwi. Nilitamani kumpiga na kiti. Ipo namba ya simu ya kupiga bila kulipa, iko kwenye fulana tulizopewa katika semina, mgongoni. Niliipiga. Mtandao ulikuwa umeanguka. Uliporudi, sauti ya mwanamke ilinishukuru kwa kupiga na kuniomba nisubiri, nikasubiri mpaka betri ikaisha.

Wakati huo wote mtoto alikuwa anakaa nami sokoni. Alikuwa anakunja vikwembe vizuri, ncha kwa ncha, na mwanamume mwenye ndevu akisogea kwenye meza, anainama chini kama anatafuta kitu. Wateja wakauliza ni nani. Nikawaambia ni mtoto wangu, nunueni au pisheni.

Kisha likatokea jambo ambalo hata leo nikilisimulia watu wanadhani natia chumvi. Mimi nilikuwa nahangaika kumtafuta yule bwana. Yeye alikuja mwenyewe.

Alikuja Kasongo na wazee wetu wawili, na mjomba wake, wamevaa vizuri, na hawakuja kwangu. Walikwenda moja kwa moja polisi. Walikwenda kunishitaki mimi! Kwamba mwanamke fulani wa sokoni amemficha bibi ya mtu. Kwamba muda wa kufunda umepita. Kwamba mbuzi alitolewa, akaliwa na watu wote, na shangazi huyo, mbaya zaidi, sehemu yake alimpa mbwa.

Nikatumiwa mtu wa kuniita. Nilipofika nilimkuta bwana amekaa kwenye kiti, amekunja mguu, uso wa mtu aliyeibiwa. Yule polisi mnene alikuwa anaandika. Alinipa ishara nikae, nisiseme. Mara moja katika maisha yangu nilinyamaza.

"Endelea," alimwambia. "Unasema ni bibi yako. Mulianza namna gani?"

Naye akasema. Akasema yote, jamani! Kwamba alimwona akitoka shambani. Kwamba mtoto alikataa, alipiga kelele, lakini yeye ni mwanamume. Kwamba baadaye wazee walimwita, na yeye si mtu wa kukana, aliitika palepale, akaleta mbuzi, mkubwa, si wa kuombaomba. Wazee waliitikia kila neno, "Ni kweli, ni kweli, tulikuwa hapo," wanamsaidia, wanataka ionekane wazi kwamba alifanya kila kitu kwa utaratibu. Kwao kukiri ndiyo sifa. Mtu aliyekiri na kulisha watu ni mtu safi, na maneno yake yamekwisha. Hawakuwaza hata kidogo kwamba mahali pale kukiri ni mwanzo.

"Na mutoto ana miaka ngapi?" polisi akauliza.

"Kumi na tano," bwana akajibu. "Lakini alisha kukomaa."

Polisi aliweka kalamu chini. Alinitazama mimi, akamtazama yule bwana, akatazama mlango. Nadhani alikuwa anafikiria mafuta ya pikipiki aliyookoa. "Simama," akamwambia. "Unabakia hapa."

"Mimi? Ni mimi nimeleta mashitaka!"

"Umeleta. Aksanti."

"Lakini mbuzi ilikulwa!" bwana akapiga kelele. "Waulize! Ilikulwa yote!" Na wazee wetu, walioapa dakika hiyo kwamba jambo ni kweli tupu, walikuwa wanatafuta kofia zao. Mzee wa methali alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Nilicheka mpaka nikajishika kwenye ukuta. Kisha nikaanza kulia, palepale, mbele ya polisi, kwa hasira. Maana nilikuwa nimezunguka na sheria mkononi, na cheti cha hospitali, na mtoto mwenye kuinama kila akiona ndevu, na hakuna kilichosogea. Kilichosogeza jambo ni ujinga wa mtu mmoja aliyejiamini. Na kama angekaa kwake Wamaza akinywa pombe yake? Angekuwa anaendelea kuinywa.

Ndugu yangu alikuja baada ya hapo. Hakukaa. Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema: "Yaya, umetapikisha watu wote. Shamba yangu, watoto wangu, nitawafunika namna gani? Huyu mutoto wako, baki naye. Kwangu asirudi."

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, alisikia kila neno. Nilimtukana ndugu yangu siku ile matusi ambayo mama yetu angenichapa mdomo kwa ajili yake. Hayakumsogeza. Si mtu mbaya, ndilo linaloniudhi. Alilia akiondoka, nilimwona. Alikuwa anaogopa kweli kwamba mmoja wa watoto wake atakufa kwa maneno yaliyotapikwa. Lakini woga wake wote alikuwa ameubebesha mtoto mmoja, tena yuleyule aliyekwisha kubeba ya kutosha.

Basi ikawa nusu. Kwa yule bwana hataenda. Na kwa mama yake pia haendi. Nikawa nawaza usiku na mchana, hivi nimemwokoa au nimemng'oa?

Tulingoja mahakama. Majaji wanasafiri, wanakuja kukaa kwetu wakiweza, wasipoweza tunakaa sisi. Walipofika hatimaye walipewa ukumbi, na kwa kuwa aliyeumizwa ni mtoto, jaji alisema kesi isikilizwe faraghani, milango ifungwe. Milango ikafungwa. Madirisha ya ukumbi ule hayana kitu, yako wazi, na kwa kila dirisha watu walikuwa wamejaa, wengine wamebeba watoto mgongoni waone vizuri. Nilikwenda kuwafukuza na mwavuli. Waliondoka upande huu, wakatokea upande ule. Jaji mwanamke alisimama mwenyewe akawakemea kwa Kifaransa, ndipo wakatawanyika.

Ndugu yangu alikuja na mulamu wangu. Na alikaa wapi? Upande wa yule bwana, kwenye benchi moja na wazee. Mulamu alikaa mwisho kabisa, nusu ndani, nusu nje ya benchi.

Wazee waliitwa. Walikuwa wamejifunza kidogo, hawakutaka tena kusema alivyofanya bwana, walitaka kusema mbuzi tu. Mzee wa methali alisema kwa sauti nzuri kwamba familia zote mbili zilikula, hakuna aliyebaki nje, na kwa desturi yetu jambo limezikwa. Jaji akamjibu kwamba anaheshimu desturi, lakini sheria ya nchi haimjui mbuzi huyo. Mzee akatikisa kichwa kwa adabu, kama walivyonitikisia mimi. Nilijua hajasikia hata neno. Nikamtazama ndugu yangu. Naye alikuwa anatikisa kichwa.

Kisha jaji akamgeukia mtoto, akamwambia halazimishwi, lakini kama ana neno anaweza kusema.

Miezi yote ile mtoto alikuwa amesema kidogo sana. Alisimama. Hakumtazama jaji, wala bwana. Aliwatazama wazee.

"Munasema watu wote walikula," akasema. "Mimi sikukula."

Mzee akasema taratibu, "Mutoto wangu, ulikuwa pale nyumbani."

"Nilikuwa ndani. Niliskia harufu. Hakuna mutu aliniita."

Wazee waliangaliana. Niliona kabisa jambo linawaingia, mmoja baada ya mwingine. Maana desturi inasema wote walioguswa wale, na katika watu wote wale, walioguswa walikuwa wangapi? Walimwita mjomba wa bwana. Waliwaita majirani. Waliniwekea paja mimi niliyekuwa Kasongo. Yeye, aliyekuwa nyuma ya ukuta, hawakumkumbuka. Walisahau kwamba jambo ni lake.

Mzee alimgeukia ndugu yangu. "Hakukula?"

Ndugu yangu akageuka. Akamtazama bibi yake. Na mulamu wangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu mbele ya wanaume, alisema kutoka mwisho wa benchi: "Hamukumuita. Na mimi hamukuniita. Tulipika tu."

"Basi haikufungwa," mzee akasema, kama anajisemea. Akakaa.

Na ndugu yangu akasimama. Katikati ya mahakama, bila ruhusa, polisi alitaka kumzuia, akapita. Alivuka ukumbi akaja kukaa kwenye benchi letu, upande wa mtoto wake.

Nitasema ukweli, niliona uchungu. Nilifurahi, ndiyo, lakini kwanza niliona uchungu. Semina zote zile! Sauti yangu yote niliyoipotezea uani kwake! Nilimwambia mtoto ameumizwa, hakusikia. Nilimwambia sheria, hakusikia. Jaji kutoka mbali akamwambia, hakusikia. Akaja kusikia kwamba utaratibu wa nyama ulikosewa, hapo ndipo masikio yakazibuka. Wee! Mungu atanipa nini kwa uvumilivu huu?

Bwana alihukumiwa kifungo. Jaji alisema pia alipe fidia, na fidia hiyo mpaka leo hatujaiona, na nimeacha kuiulizia maana kila nikiulizia natumwa ofisi nyingine. Mtoto bado anakwenda kwa mama muuguzi. Bado kuna siku anainama.

Lakini siku ile tulipotoka ukumbini jua lilikuwa kali, na watu wa madirishani walikuwa wanatungoja nje, wanatukodolea macho bila aibu. Nilikuwa nimenyanyua mwavuli tayari kwa vita. Ndugu yangu alimshika mtoto mkono, akampitisha katikati yao, hakuangalia mtu. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na soko, kwenye vibanda vya akina mama wanaopika. Hapo akasimama.

"Mama yangu," akamwambia binti yake, jinsi baba anavyomwita mtoto aliyepewa jina la mama yake mzazi. "Unataka kula nini?"

Mtoto alifikiri. Hakuharakisha hata kidogo, na sisi wote watatu, mimi na baba yake na mama yake, tulisimama juani tukimngoja.

"Samaki," akasema.

Tukaingia.